Ukoo wa watu 43, na mfukoni nina laki tatu

Mama, shikamoo.

Mimi ni fundi wa madirisha na milango ya aluminiamu hapa Dodoma. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Nyumbani kwetu ni Wilaya ya Kongwa: unashuka Kibaigwa, halafu unapanda bodaboda karibu saa nzima. Kila Krismasi ukoo unakutana kwa bibi, mama yake marehemu baba. Juzi nilikaa na karatasi nikahesabu. Kaya saba, watu 43, watoto wakiwa 22, na hapo sijahesabu wa kwangu.

Walioko mjini ni mimi na binamu yangu wa Dar es Salaam tu. Kijijini wote wanaamini nina hela. Basi la kutoka Dodoma linapita Mtumba, wanaona majengo ya Mji wa Serikali yana vioo toka chini mpaka juu, na wanajua kazi yangu ni vioo. Huwezi kuwaeleza kwamba mimi nafunga madirisha ya nyumba za watu Nkuhungu na Ilazo, na mwenye nyumba akikwama, na mimi nimekwama.

Mwaka jana nilitaka kila mtu apate kitu. Nikanunua khanga, mashati, magauni ya watoto, hadi viatu. Hela iliniishia nikiwa nimebakiza watu kama 15 hivi. Nikachukua mkopo kwenye simu, na wa simu ulipoanza kunitukanisha kwa watu nikakopa kwa mama mmoja wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, ili niufunge ule. Kwa jumla nilikopa 250,000. Nimemaliza kulipa mwezi wa sita, na zilizonitoka ni kama 450,000.

Na hawakuridhika, Mama. Shangazi yangu alipopewa khanga yake alisimama nayo mlangoni, akaitazama kwenye mwanga, akaichukua na ya mama, akazisugua zote mbili kwa kidole gumba. Hakusema neno. Jioni akamwambia mke wangu, "Hii ya kwangu naona ni ya kufutia vyombo." Kweli bei hazikulingana, zile nzito dukani zilikuwa zimeisha. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo kwa sasa, nilimnunulia shati zuri la mikono mirefu. Akashukuru, kisha akaniuliza kama sikukumbuka betri za redio. Binamu naye alitokea na gari, akawagawia watoto noti za elfu tano tano. Walimkimbilia wote. Magauni yangu yaliyowabana yakabaki kwenye mfuko.

Mwaka huu nina 300,000, nauli nimeiweka pembeni. Januari mwanangu mkubwa anaanza darasa la kwanza. Rafiki yangu ananishauri ninunue belo la nguo za watoto, nilifungue nigawe. Mke wangu anasema tusiende kabisa, tuseme mtoto anaumwa. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, kwao ni Waislamu, na amenuna tangu Idi kwa sababu niliwapelekea kilo mbili za tende tu, ila hilo tutalimaliza wenyewe. Naomba ushauri wako, nisije nikarudi kule kwa kausha damu.

Fundi, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Mbukwa!

Nendeni. Na mtoto msimsingizie ugonjwa. Kwanza mnamwombea mabaya, pili bibi atapiga simu asubuhi, mchana na jioni mpaka Mwaka Mpya kumjulia hali, na huyo shangazi yako nakuhakikishia atapanda basi kuja kumwona mgonjwa. Akifika akamkuta anacheza mpira uani, utaandika barua nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Shangazi na khanga umemwandikia vizuri mpaka nimemwona hapo mlangoni. Mkeo umempa mistari miwili, tena mwishoni. Sasa rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: maneno ya kufutia vyombo aliambiwa nani? Wewe ulikuwa umekaa na wanaume wenzio huko nje. Aliyekuwa jikoni akayapokea ni yeye, kwa zawadi ambazo hakuzichagua, za ukoo ambao si wake, huku kwao Kondoa umepeleka kilo mbili za tende. Na deni lililofuata ameishi nalo ndani ya nyumba hiyohiyo. Mimi ningenuna mpaka Pasaka. Kwake nitarudi, maana huwezi kufunga hata mzigo mmoja kabla hamjazungumza.

Mwaka jana ulihesabu vichwa. Vichwa vya ukoo havina mwisho, kila mwaka vinaongezeka, na kila kichwa kina saizi yake, kina rangi kinayoipenda na kina jirani wa kujilinganisha naye. Mwaka huu hesabu majiko. Penye mafiga yanayowashwa peke yake pana mzigo mmoja. Umesema kaya saba, basi mizigo ni saba, inayofanana kwa uzito, kwa aina na hata kwa mfuko. Weka vitu ambavyo mama yeyote wa kijijini anatoa hela kuvinunua kila wiki: sukari kilo mbili, mche wa sabuni, pakiti ya majani ya chai, chumvi na viberiti. Nakadiria 12,000 kwa mzigo, yaani 84,000 kwa kaya zote. Utaniambia sukari si zawadi. Mwanangu, Desemba ni mwezi ambao kwetu huku mvua ndiyo kwanza inaanza, watu wako shambani, ghala limeshuka na mavuno yako mbali. Kilo mbili za sukari wakati huo zinakumbukwa kuliko gauni lenye vifungo vya dhahabu.

Usinunue rejareja. Tafuta mafundi wenzio wawili wanaokwenda kwao, mchange mfuko wa sukari wa kilo 50 na katoni ya sabuni pale Majengo au Sabasaba, mpime mgawane. Fanyeni hivyo kabla ya katikati ya Desemba. Baada ya hapo bei inapanda, na wewe utakuwa sokoni na presha, na mtu mwenye presha hununua chochote.

Wazee wanawake watatu, yaani bibi, mama na shangazi, wapate kitu cha ziada, na kiwe kilekile. Doti tatu za khanga, duka moja, siku moja, uzito mmoja, jina moja. Zisugue wewe kwa kidole gumba kabla hazijasuguliwa mlangoni. Na jina ulisome! Mwanamume akiingia duka la khanga anaangalia maua, halafu anampelekea shangazi yake doti yenye maneno ya kumsema jirani mfitini, na ugomvi wa miaka mitatu unaanza hapo. Kama huna uhakika, mwachie mkeo achague. Weka 36,000 hapo, na kama zile nzito haziingii kwenye hela hiyo, chukua nyepesi zote tatu. Nyepesi tatu hazina kesi.

Baba mkubwa amekwambia mwenyewe anachotaka, wewe ukampa shati. Nunua betri kubwa za redio, za elfu tano tu, umpe mkononi mbele ya watu. Nakwambia ndiyo zawadi itakayozungumzwa zaidi.

Sasa watoto, na hapa ndipo rafiki yako anapokupoteza. Belo usiliguse. Belo ni bahati nasibu. Ndani yake kuna gauni jipya kabisa na kuna kaptura iliyokatika zipu, na ukilifungua mbele ya mama saba umefungua mahakama. Hata nguo mpya ni mtego. Niliwahi kuwapelekea watoto wa kaka yangu fulana, zote njano, za watoto 14. Nilikuwa najiona mjanja, rangi moja, hakuna malalamiko. Nikagawa, zikaisha, kumbe nilipewa 13 dukani na sikuhesabu. Mtoto aliyekosa hakulia mbele yangu. Nilimkuta nyuma ya kihenge, amekaa chini, anachora mistari kwenye vumbi kwa kijiti, anaifuta, anaichora tena. Alikuwa na miaka sita. Sasa hivi ni baba wa watu, na akiniona bado ananitania, "Shangazi, ile fulana yangu imefika?" Tunacheka wote wawili, ila mimi nacheka kwa shida.

Daftari halina saizi. Shule zinafunguliwa Januari, na ingawa ada imeondolewa kwenye shule za Serikali, za msingi na sekondari, daftari, kalamu na sare bado ni za mzazi. Chukulia kati ya hao 22 wanaosoma ni 17. Ukiwapa daftari nne nne ni 68. Nunua dazeni sita, utapata 72, na boksi la kalamu juu yake, utatumia kama 45,000. Zile nne zilizozidi ni za mtoto ambaye hukumhesabu. Yupo. Kila mwaka huwa yupo mmoja, ameletwa na mama yake kutoka kijiji cha pili, na hakuna aliyekwambia. Wale wadogo wape biskuti, halafu nunua mpira mmoja wa ukweli wa watoto wote, ukae kwa bibi. Biskuti na mpira visizidi 25,000. Binamu yako agawe noti zake, zinaishia dukani siku hiyohiyo. Mpira watakuwa wanaupiga mpaka ufumuke.

Na huyo binamu usishindane naye. Mpigie simu. Mwambie, "Kaka, mwaka huu tugawane: mimi naleta mchele na mafuta ya sikukuu, wewe lete mbuzi." Mtu mwenye gari anapenda kuonekana ameleta mbuzi, kichwa cha mbuzi kinaonekana mbali kuliko noti. Kama wajomba zako au baba wadogo wana mifugo, mbuzi anaweza kutoka zizini na binamu akamlipia hapohapo, bei ikawa ya kindugu. Mchele kilo 12 unatosha mlo mmoja wa sikukuu kwa watu hao, watoto wakiwa nusu, weka 30,000. Mafuta ya alizeti lita tatu, 15,000. Vyote viwili nunua Kibaigwa ukishuka, usivibebe toka Dodoma. Soko la nafaka liko pale, alizeti inakamuliwa hukohuko, na mgongo wako bado unauhitaji kubeba vioo. Chukua bodaboda ya pili kwa ajili ya mizigo, na hiyo uihesabu kwenye nauli.

Kuna kitu kimoja hukukitaja na nimeshangaa, kwa mtu wa Kongwa. Mbegu. Krismasi yetu ya kanda ya kati inaangukia msimu wa kupanda. Mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, Desemba mpaka Aprili hivi, na aliyechelewa kupanda anategemea huruma ya Mungu. Mbegu haisubiri wageni wa tarehe 25. Mpigie mama leo, muulize shamba la bibi litapandwa nini, alizeti au mtama, na wamepungukiwa nini, umtumie 30,000 mapema, ya kutolea ikiwa humohumo. Wanunue kwa wakala anayejulikana, pakiti iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa sababu mbegu feki ina uchungu kuliko njaa yenyewe: umelima, umepanda, umepalilia, halafu huna kitu. Hii usiitangaze kwenye mkutano wa ukoo. Ni ya mtoto kwa mama yake na bibi yake, ingawa shamba hilo likizaa wajukuu wote watakula.

Jumlisha, utaona tumefika 270,000. Zimebaki 30,000, na najua mkono umeshaanza kuwasha. Ziache. Hizo ni za Kondoa.

Leo jioni mkeo akishamaliza kazi, mkalishe. Usianze na mpango wangu. Anza kwa kumwambia kwamba yale maneno ya shangazi uliyasikia, na pole, na hukupaswa kumwacha ayameze peke yake. Halafu nyamaza. Akisema kwa nusu saa, sikiliza nusu saa. Ndipo umpe hizo 30,000 mkononi, umwambie ni mwanzo wa Idi, azitunze yeye, na kila kazi utakayomaliza kabla ya Idi mnaongeza kidogo. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo haiwezi kumshtukiza mtu mwenye kalenda. Kwa wakwe nako hesabu majiko, utaona yako mangapi. Tende si mbaya, mwanangu, tende ni sunna, ila kilo mbili kwa ukoo mzima wa Warangi wanagawana kokwa.

Tena huyo mkeo ndiye afunge mizigo yote, ya kwenu na ya kwao. Na siku ya kukabidhi awe amesimama pembeni yako mbele za watu, asiwe jikoni.

Kuhusu kukabidhi: usipite nyumba kwa nyumba, maana kila mlango utahisi mwingine umepewa kikubwa. Fika mapema, mkabidhi bibi na baba mkubwa mizigo yote saba uwanjani, waite wenyewe wamama saba, kila mmoja achukue wowote anaoutaka. Akichagua mwenyewe hana wa kumlaumu. Useme waziwazi, "Mwaka huu kazi zilisuasua, ila sikutaka kuja mkono mtupu. Kila nyumba ni sawa." Basi, kaa chini. Usijieleze zaidi ya hapo, ukijieleza sana wataanza kutafuta unachoficha. Na mama yako umdokeze wiki mbili kabla kwamba safari hii ni mizigo ya kaya. Usimwombe awaambie wengine. Kina mama wa kijijini hawahitaji kipaza sauti, utakapofika habari itakuwa imezeeka.

Mkopo. Kwenye simu yako futa hiyo programu leo. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni ambayo hayana leseni, na la kwako, kwa tabia uliyoieleza ya kukutukanisha kwa watu, lingekaa vizuri kwenye orodha hiyo. Laki mbili ulizolipa juu ya deni lako zingenunua hizi khanga, daftari, mchele na mbegu zote ninazokuambia, na chenji ungerudi nayo. Hela ikipungua safari hii, anza kupunguza biskuti, kisha mafuta. Mizigo saba isiguswe, na hakuna cha kukopea.

Beba na kiroba kimoja kitupu. Bibi hatakuacha uondoke hivihivi, atakufungia mlenda mkavu na pengine jogoo aliyefungwa miguu, na mwaka jana, nina hakika, ulijidai mtu wa mjini ukakataa jogoo kwa sababu ya basi. Mwaka huu mchukue. Na binamu mpigie leo usiku, kabla hajabadilisha noti.